Kabla Hujanunua Foki: Maneno kwa Waongozaji na Mafundi wa Baiskeli za Umeme

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja asubuhi mjini Moshi, mbele ya waongozaji wa wageni na mafundi wa baiskeli. Nimeyaandika upya karibu kama yalivyotoka, pamoja na maswali niliyoulizwa mwishoni.

Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele. Kaka na dada zangu waongozaji, vijana wa karakana, habari za asubuhi.

Hiki kilicho mezani ni foki ya mbele ya baiskeli ya umeme, yaani ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele na kubonyea ikipigwa, nimeifungua yote. Tangu Juni kwenye kibao changu zimepita foki nyingi kuliko minyororo, na kila anayeleta ana swali lilelile: fundi, ninunue foki gani? Nami namrudishia swali: wewe una kilo ngapi, na wageni wako wana kilo ngapi? Wengi wanashangaa. Walitegemea niwatajie jina la kampuni.

Tuanze na mlima wetu, maana ndio unaotupa kazi. Njia ya kutoka Uru kwenda Materuni mnaijua. Mawe yaliyolala kwenye udongo mwekundu, mizizi ya miparachichi, na kila baada ya hatua chache mfongo, ule mfereji wetu wa maji ya mashambani, unakatiza njia. Kwenye mfongo gurudumu la mbele linadumbukia, linagonga ukingo wa pili, na kishindo kinapanda mikononi. Kwa baiskeli ya kawaida mtu alikuwa anapanda njia hiyo mara moja kwa asubuhi, amechoka, anashuka taratibu. Kwa baiskeli ya umeme anapanda mara tatu, na anashuka mara tatu. Mota yenyewe haimsaidii kushuka; baiskeli nyingi tulizonazo zimetengenezwa kwa sheria ya Ulaya, mota inaacha kusukuma ikifika kilomita 25 kwa saa. Lakini imempandisha mara tatu, kwa hiyo foki inakula kwa siku moja kipigo cha siku tatu.

Halafu kuna uzito. Baiskeli ya mlima ya kawaida ina kilo 14 hivi. Ya umeme ina kilo 22 hadi 25. Mtu atasema, fundi, kilo kumi ni nini, mbona mgeni mmoja anamzidi mwenzake kwa kilo 30? Kweli. Ila mwili wa mtu una magoti na viwiko. Ukifika kwenye jiwe unanyanyuka, unalegeza mikono, uzito wako unapita juu ya jiwe kama maji. Betri na mota havina magoti. Vimefungwa kwenye fremu, na kila kinachotokea vinakipeleka kwenye foki bila kupunguza chochote. Ongeza breki: ukishika breki ya mbele kwenye mteremko wa Kibosho, uzito wote huo unalala mbele, na foki inapinda kurudi nyuma huku inajaribu kubonyea. Foki nyembamba ikipinda, mabomba yake yanajibana kwenye bushi, zile pete za ndani yanamoteleza, na ikishajibana haibonyei tena. Hapo ndipo mgeni anaposimama anakung'uta viganja na kusema foki ni ngumu. Akipunguza hewa ya foki, haisaidii, kwa sababu tatizo halikuwa hewa.

Nawaomba msogee kidogo mwone hapa ndani.

Upande huu wa kushoto kuna springi. Hii ni springi ya hewa: chumba cha juu, pistoni, na chumba kidogo cha chini kinachoifanya ianze kubonyea kwa ulaini. Upande wa kulia kuna dampa, yaani oili inayopita kwenye matundu madogo. Springi inapokea kipigo na inataka kukirudisha. Dampa inakichukua na kukigeuza joto. Ukitoa dampa ukabaki na springi peke yake, una mpira wa kudunda uliofungwa kwenye usukani.

Baiskeli nyingi za umeme za bei ya kati zinauzwa hivi: mota nzuri, betri nzuri, na foki ambayo kiwanda kimeibania fedha. Foki ina springi ya chuma, mabomba ya milimita 32 au 34, na dampa yenye kitasa kimoja tu cha kuifunga isibonyee. Si kwamba ni mbovu. Kwa barabara ya vumbi ya kuelekea mashamba ya miwa ya TPC inatosha kabisa. Ila ukiipeleka kwenye mifongo na kilo 108 juu yake, inasema ukweli wake.

Sasa mtu anapoamua kubadilisha, macho yake yanakimbilia namba moja: mwendo, yaani umbali ambao foki inaweza kubonyea. Foki ya zamani ina mwendo wa milimita 140, basi anataka 170, maana kubwa ni nzuri. Ndugu zangu, hili ndilo neno lililonileta hapa. Usinunue urefu. Nunua uimara wa bomba, ubora wa dampa, na uhakika wa kupata sili, ile mipira inayozuia vumbi kuingia na oili kutoka. Nasema hivi kwa sababu nilifanya kosa hilo mwenyewe, kwa baiskeli ya mtu mwingine, na bado linaniuma.

Mwenye baiskeli aliniletea foki ya milimita 170, mpya, imetoka kwa ndugu yake Ulaya. Fremu ilikuwa imetengenezwa kwa foki ya 140. Niliona inaingia, nikaifunga. Uwanjani iliendeshwa vizuri, tukafurahi. Jumamosi ikaenda Materuni ikiwa na mama mmoja mgeni juu yake. Kwenye kipande kile cha mwisho chenye mwinuko mkali, gurudumu la mbele likawa linaelea. Linatafuta kushoto, linatafuta kulia, mota inasukuma kwa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 85 kutoka nyuma, mbele inanyanyuka. Alishuka mara tano. Mara ya mwisho hakupanda tena, akasukuma baiskeli ya kilo 23 kwa mikono hadi juu, na aliporudi hakulalamika hata neno. Aliniambia tu kwamba pengine yeye hajui kuendesha. Alijua. Mimi ndiye niliyempa baiskeli isiyopandika.

Hesabu yake ni nyepesi, ningeifanya kabla. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni kama mita 1.2. Ukinyanyua mbele kwa milimita 20, fremu yote inalala nyuma kwa karibu digrii moja. Mimi niliinyanyua kwa 30, kwa hiyo digrii moja na nusu. Usukani ukapanda, kiti kikarudi nyuma, pedali zikapanda kama sentimita moja. Uzito wa yule mama ukaondoka mbele, na mbele ndiko alikouhitaji. Na kuna lingine lisiloonekana: foki ndefu ni wenzo mrefu, kama mtaimbo. Inavuta pale fremu inapoungana na shingo, lile bomba la foki linalopanda hadi kwenye usukani, na kila aliyetengeneza fremu ameandika mahali kikomo cha foki anachokubali. Ukipita kikomo hicho dhamana imekwisha, na ufa ukija unakuja mahali pabaya kuliko pote kwenye baiskeli.

Yule mwenye fremu ya 140 alikuwa ameruhusiwa na kiwanda hadi 150. Bahati nzuri foki ile haikuwa na haja ya kutupwa. Foki nyingi nzuri za leo mwendo wake unabadilishwa kwa kubadilisha fimbo ya springi ya hewa. Tuliagiza fimbo ya 150, tukaifunga kwa muda usiozidi saa mbili, foki ikashuka, baiskeli ikarudi kupanda. Kwa hiyo kama umeshanunua ndefu, usikate tamaa. Uliza kwanza kama kuna fimbo fupi ya foki yako.

Basi kama si urefu, ni nini?

Kwanza ni bomba. Haya yanayong'aa, yanayoingia kwenye miguu ya chini, kipenyo chake ndicho kinachosema foki itapinda kiasi gani. Zipo za 32, 34, 35, 36 na 38. Fikirieni bomba mbili zenye ukuta wa unene uleule, moja 34 na nyingine 38. Tofauti ni milimita nne, mtu atacheka. Lakini ugumu wa bomba dhidi ya kupinda unapanda haraka kuliko kipenyo chake, na kwa hizo mbili unapanda kwa karibu asilimia 40. Ndiyo maana mwaka 2020 watengenezaji wa foki RockShox walitoa foki iitwayo Zeb na wenzao Fox wakatoa iitwayo 38, zote mbili zikiwa na mabomba ya milimita 38. Baiskeli za umeme zilikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Uzito umeongezeka, gramu 200 hadi 300 juu ya foki ya 35 au 36, na kwenye baiskeli yenye mota gramu hizo hakuna atakayezisikia.

Hata hivyo, msitoke hapa mkasema fundi ametutuma 38. Dada yangu pale nyuma ana kilo kama 55. Akipewa foki ya 38 iliyotengenezwa kwa mtu wa kilo 90 anayeshuka kwa kasi, atapigwa mikono kuliko alivyopigwa na foki yake ya zamani. Kwake yeye 34 au 35 yenye dampa nzuri, milimita 140, ni starehe tupu. Nimeona pia baiskeli za kukodi za wageni, ambazo leo zinabeba mtu wa kilo 60 na kesho wa kilo 100. Hizo ndizo ningezipa 36 au 38, na springi ya hewa, si ya chuma. Springi ya chuma ni laini na haina shida ya kuvuja, naipenda sana, lakini kila uzito unataka springi yake. Nani atabadilisha springi saa moja asubuhi wageni wamekaa kwenye gari? Hewa unapampu.

Pili ni dampa. Hapa ndipo fedha yako inapopaswa kwenda, na hapa ndipo watu wanaposahau. Unahitaji kitasa cha kurudi, kile chekundu chini ya mguu, kinachosema foki irudi haraka au polepole baada ya kubonyea. Hicho hakina mjadala. Foki isiyo nacho usiinunue. Kitasa cha kubonyea, kinachosema foki ibonyee kwa wepesi au kwa ugumu, kwa kazi yetu kimoja kinatosha. Zipo dampa zenye vitasa vinne, viwili vya kurudi na viwili vya kubonyea, na anayejua kuvitumia anafaidi. Lakini nimefungua foki nyingi za vitasa vinne ambazo vyote vilikuwa vimefungwa hadi mwisho, kwa sababu mwenyewe alizungusha akitafuta raha, akapotea, akaogopa kugusa tena. Ningenunua foki yenye mwili wa kaka mkubwa na dampa ya mdogo wake. Marzocchi Bomber Z1 ni mfano: mabomba ya 36, undugu na Fox kwa kuwa Marzocchi iko chini ya Fox tangu 2015, na dampa nyepesi kuelewa. RockShox Domain ya sasa ni mfano mwingine, mabomba 38 kama Zeb, kwa bei ya chini yake. Foki za namna hii si rahisi, tusidanganyane, zinaanzia mamia kadhaa ya dola na zile za juu zinavuka 1,000. Ndiyo maana nataka ikae miaka.

Watu wamekuwa wakifukuzia jambo hili kwa muda mrefu. RockShox ilianza 1989 kwa kazi ya Paul Turner, na foki yao ya kwanza ilikuwa na mwendo wa kama sentimita tano tu. Mwaka 1990, kwenye Mashindano ya Dunia ya kwanza ya baiskeli za mlima ya UCI, shirikisho la baiskeli duniani, huko Durango, Colorado, Greg Herbold alishinda mbio za kushuka akiwa na foki yao. Sentimita tano! Leo kijana ananiambia 140 haimtoshi kufika Marangu.

Tatu ni sili, na hapa niruhusuni nikae kidogo, kwa sababu hili ni letu sisi, na vitabu vya watengenezaji wa foki havikuandikwa kwa ajili ya vumbi la Agosti.

RockShox wanasema miguu ya chini ifunguliwe, isafishwe na kuwekwa oili mpya kila saa 50 za kuendesha. Fox wanasema saa 125 au mwaka mmoja. Mwongozaji anayetoka siku tano kwa wiki, saa nne kila siku, anafikisha saa 50 katika wiki mbili na nusu. Nani hapa amefungua foki yake wiki mbili zilizopita? Hakuna. Nami silaumu, natamani tu mjue kwamba foki ya dola 900 isiyofunguliwa mwaka mzima ni mbaya kuliko foki ya dola 400 iliyofunguliwa kila mwezi. Nimeziendesha zote mbili siku moja, njia moja. Mara nyingine mtu analeta fedha anataka foki mpya, nafungua ya zamani, nakuta sponji chini ya sili zimekauka kama biskuti, oili imekuwa tope. Naisafisha, naweka sili mpya, anapanda, anarudi anauliza nimemfungia foki ya nani.

Kwa hiyo kabla ya kununua, jibu maswali haya: sili zake zinapatikana wapi, zinafika Moshi kwa muda gani, na kuna fundi hapa anayeweza kuifungua bila kuituma nje? Kama jibu ni kwamba itabidi ipelekwe ughaibuni kila ikivuja, achana nayo hata kama ni nzuri kiasi gani. Ukinunua foki, nunua na seti mbili za sili siku hiyohiyo, ziweke kwenye droo. Na kama mna baiskeli sita, chagueni aina moja ya foki kwa zote sita. Droo moja, oili moja, mkono wa fundi mmoja unaoizoea.

Kuhusu oili, kijana mmoja alinionyesha oili ya foki ya pikipiki yenye maandishi 10W, akaniambia kitabu kinataka 10W. Namba hiyo si kipimo kimoja kwa kampuni zote. Oili mbili zenye 5W zinaweza kuwa tofauti kabisa kwa uzito wa kutiririka. Kipimo cha kweli ni sentistoki kwa nyuzi joto 40, kimeandikwa kwenye karatasi ya oili, na ndicho cha kulinganisha. Na tafadhali, oili ya ndani ya dampa si oili ya miguu ya chini. Ya miguuni inalainisha bushi na sili, ni mililita chache kila upande, na kila foki ina kiasi chake. Msikisie.

Jambo la kuosha. Msipeleke baiskeli kwenye mashine ya presha ya kuoshea magari. Maji yale yanapita kwenye sili kuingia, lakini hayajui njia ya kutoka. Ndoo, kitambaa, maji ya kawaida. Wakati wa masika, futa mabomba kila mkirudi, kabla tope halijakauka. Ni dakika moja.

Na hili la mwinuko, ambalo wengi hawalijui. Foki ikifungwa hapa Moshi mjini, hewa ya hapa inabaki ndani ya miguu ya chini. Ukipanda hadi lango la Marangu, mita elfu moja na kitu juu yetu, hewa ya nje imepungua, ile ya ndani inasukuma, na foki inakuwa ngumu kidogo mwishoni mwa mwendo. Foki kadhaa mpya, Fox 36 na 38 mojawapo, zina vitufe nyuma ya miguu. Ukivibonyeza unasikia pfff, imetulia. Zisizo na vitufe, mafundi wengi wanapenyeza uzi wa plastiki kwenye mdomo wa sili. Mimi siupendi uzi, unaweza kukwaruza sili. Napendelea foki yenye vitufe, kwa nchi yenye milima kama yetu.

Vipimo vya kuingia nitavipita haraka, maana vijana wa karakana mnavijua, lakini waongozaji mnaoagiza kwa simu mvisikie. Chukueni kalipa, kile kifaa cha kupimia milimita. Shingo ya foki nyingi za sasa ni nyembamba juu, milimita 28.6, na nene chini, inayokaa kwenye beringi ya inchi moja na nusu. Baadhi ya baiskeli za umeme zina chini nene zaidi, inchi 1.8, hapo tafuteni ringi ya kupunguzia, au foki ya saizi hiyo. Ekseli: upana wa haba ya mbele, yaani kitovu cha gurudumu, ni milimita 110 kwa kiwango cha Boost au 100 kwa za zamani, na unene milimita 15. Gurudumu la 100 halitakaa kwenye foki ya 110, msilazimishe kwa wosha. Breki: kuna foki zinazokubali diski ya 180 moja kwa moja, na nyingine zinaanzia 200, hazishuki chini ya hapo. Gurudumu la inchi 29 na la inchi 27.5 kila moja lina foki zake. Na mkikuta namba kama 44 au 51, hiyo ni umbali wa ekseli mbele ya shingo. Chukueni iliyo karibu na ya kiwandani, msonge mbele.

Foki iliyotumika ni habari nyingine. Nyingi zinakuja na wageni au ndugu, kwenye begi la ndege, kwa kuwa foki inaruhusiwa. Betri ya baiskeli ndiyo hairuhusiwi, maana kikomo cha ndege za abiria ni wati-saa 160 na betri zetu ni 500 na zaidi. Kwa iliyotumika jambo la kwanza si mikwaruzo, ni shingo. Mwenye zamani ameshaikata kwa fremu yake. Pima ya kwako: urefu wa bomba la kichwa cha fremu, beringi, wosha zote chini ya stemu, kile kipande kinachoshika usukani, na stemu yenyewe. Tuseme milimita 120, na 15, na 20, na 40: ni 195, toa tatu ili kifuniko cha juu kipate kukaza. Unahitaji 192. Foki yenye shingo ya 175 ni zawadi ya kumpa mtu mwingine. Halafu pitisha ukucha juu ya mabomba yanayong'aa, hasa pale yanapopita kwenye sili. Ukucha ukikwama, sili zitakatika kila mwezi. Halafu shika breki, sukuma mbele na nyuma, sikiliza. Ikitoa mlio wa kukwaruza pale bomba zinapoingia kwenye bega la foki, na beringi za kichwa ni nzima, hapo mabomba yamelegea mahali yaliposhindiliwa kiwandani. Hakuna boliti ya kukaza. Bega, shingo na mabomba hubadilishwa kwa pamoja, na bei yake inaweza kuifanya foki yote isistahili kununuliwa. Baiskeli za umeme zinaleta ugonjwa huu mapema, kwa sababu ya uzito niliousema.

Jambo la mwisho kabla ya maswali: angalieni namba iliyochapwa kwenye foki. Fox wanaweka alama nne za herufi na tarakimu kwenye mguu wa chini, RockShox wana namba ndefu. Ukiiandika kwenye tovuti yao unaambiwa foki ni ya mwaka gani, mwendo gani, sili gani, oili kiasi gani. Muuzaji akikutumia picha bila namba hiyo, mwombe namba.

Kaka mmoja mwongozaji aliuliza: "Fundi, mimi nina kilo 82, baiskeli ya umeme ya 150, foki ni 34 ya springi ya chuma. Nina milioni moja na laki tano. Nifanye nini?"

Nilimjibu hivi. Kwanza lete hiyo tuifungue, huenda haijawahi kuonja oili tangu izaliwe. Ikiwa bado haikutoshi, kwa kilo zako na kazi yako tafuta 36 ya hewa, mwendo 150 uleule au 160 kama kiwanda cha fremu kinakubali, dampa yenye kitasa cha kurudi na kimoja cha kubonyea, hata kama ni ya mwaka uliopita. Foki za mwaka uliopita zinashuka bei sana na hazina tofauti unayoweza kuisikia kwenye mfongo. Tenga laki mbili katika hizo fedha kwa sili, oili na pampu ya foki. Pampu ya tairi haifai, ukiichomoa hewa inapotea usiyojua kiasi gani.

Dada aliyekaa nyuma akauliza: "Na mimi nitajuaje hewa yangu ni sawasawa? Kibandiko kwenye foki kinasema namba moja, mume wangu anasema nyingine."

Dada, kibandiko ni mahali pa kuanzia. Panda baiskeli umevaa kila kitu, mkoba, maji, vyote. Simama kwenye pedali mtu akikushikilia, sukuma ile raba ndogo inayozunguka bomba la foki hadi chini kwenye sili, shuka taratibu. Pima raba imepanda milimita ngapi. Kwa foki ya 150 nataka uone 30, yaani asilimia 20. Ukipenda laini, 35. Ikiwa imepanda 45, ongeza hewa. Ikiwa 15, punguza. Ukipampu, bonyeza foki mara kumi kila unapoongeza psi 20, kipimo cha presha unachokiona kwenye geji ya pampu, ili chumba cha chini nacho kijae, la sivyo utapata namba ya uongo. Halafu kitasa cha kurudi: sukuma usukani chini kwa nguvu, uachie. Irudi haraka, lakini gurudumu lisiruke ardhini. Baada ya hapo nenda njia yako ya kawaida, ukirudi tazama raba. Ikiwa imefika juu kabisa zaidi ya mara moja au mbili kwa safari, na hewa ni sahihi, tunaongeza tokeni moja ndani, kipande cha plastiki kinachopunguza nafasi ya hewa ili mwisho wa mwendo uwe mgumu zaidi. Hewa yenyewe tusiiguse.

Mume wako naye apimwe kwenye baiskeli yake. Mnaweza kuwa na namba tofauti kabisa na wote mkawa sahihi.

Tumemaliza maneno. Wenye baiskeli nje, ziingizeni moja moja. Kijana, nipe ile pampu ndogo yenye geji na mizani ya chumbani. Nani anaanza?